Nukta za Dawati la Dirishani

Jumatatu, wiki ya kwanza

Shule imefunguliwa. Daftari hili la maandalio lilibaki na kurasa nyingi muhula uliopita, basi nimeligeuza nyuma mbele na nitaandika humu mambo yangu mwenyewe, kwa kuwa nyumbani siku hizi sina wa kupiga naye soga. Mume wangu ni fundi wa friji. Akirudi jioni ana maneno matatu, na mawili ni ya kompresa. Binti yetu tulimwita Kasuku alipokuwa na miaka mitatu, maana alikuwa hanyamazi hata usingizini. Sasa yuko kidato cha tatu na maneno anayapima kwa kijiko cha chai.

Bati la madarasa ya nyuma halijafanyiwa kitu. Mvua zikianza tutafundishana kwa ishara.

Jumatano, wiki ya kwanza

Tumeletewa mwalimu mpya wa jiografia, msichana mwembamba anayetembea na ramani kubwa aliyoikunja begani kama fundi aliyebeba bomba. Kabla ya saa sita wanafunzi walikuwa wameshambatiza Ramani. Mimi nilingoja miaka miwili kupewa jina, na nilipopewa likawa Rula.

Mkuu amesema atalifufua baraza la wanafunzi, kwa sababu shule haiwezi kuwa bora bila kuwasikiliza wanaokaa kwenye madawati. Baraza letu kazi yake imekuwa kuhesabu mifagio. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Ijumaa, wiki ya kwanza

Kipindi cha kwanza na kidato cha tatu. Mwaka huu ndio mara yangu ya kwanza kumfundisha Kasuku. Amechagua dawati la safu ya tatu, dirishani. Nilishamwambia nyumbani: ukivuka lango mimi ni Mwalimu, na wewe ni mwanafunzi kama arobaini na sita wengine. Simtaji darasani, asije mtu akasema mama anampa maswali mepesi. Karatasi zake za mtihani atasahihisha mwalimu wa fizikia. Mwalimu huyo aliniambia nina moyo wa chuma, na nilifurahi kuambiwa hivyo.

Jumanne, wiki ya pili

Baraza limekaa. Nilikuwa napita ukumbini. Acha niseme kweli, daftari ni langu: nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango.

Ramani, aliyepewa na Mkuu kulilea baraza, aliwauliza ni kitu gani kibadilike shuleni. Yakaja yaleyale: vyoo, maji, mapumziko yawe marefu. Akayaandika yote. Kisha akauliza, na ndani ya darasa je, mwalimu akiwa anafundisha? Mara nikasikia sauti ninayoijua kuliko yangu.

"Kuna watu hawaulizwi," Kasuku alisema. "Mtu anaweza kumaliza muhula mzima hajaulizwa swali hata moja, na hakuna anayejua, kwa sababu hakuna anayehesabu."

Wamemchagua mwenyekiti papo hapo. Kichwa kilinivimba kwa fahari, lakini haikukaa. Kwenye upenyo wa mlango nilimwona akimtazama Ramani kujua kama amesema vizuri. Tangu anaanza kusimama dede, akitaka kujua kama amefanya vizuri alikuwa ananitazama mimi.

Alhamisi, wiki ya pili

Mpango wenyewe ndio huu. Katika kila kipindi mjumbe mmoja wa baraza atakaa nyuma na karatasi yenye ramani ya darasa, madawati yote yamechorwa. Mwanafunzi akiulizwa swali, dawati lake linapata nukta. Akinyoosha mkono asichaguliwe, linapata kistari. Mwisho wa mwezi mwalimu anaonyeshwa karatasi zake, peke yake, na hakuna jina la mwalimu litakalobandikwa ukutani. Mkuu amependa. Mkuu hupenda kila kitu kisichohitaji saruji.

Jioni Kasuku aliongea chakula kizima. Nilisahau ana meno mazuri hivyo. Lakini kila sentensi ilikuwa Mwalimu Ramani amesema, Mwalimu Ramani anaona, Mwalimu Ramani alipokuwa chuo. Nikachukua penseli, na kwa kejeli tu nikawa natia nukta pembezoni mwa gazeti kila alipomtaja.

Nukta saba.

Jumatatu, wiki ya tatu

Nilimwambia Mkuu darasani kwangu sihitaji mtu wa kunihesabia, nahesabu mwenyewe, ndiyo kazi yangu. Mkuu akacheka, akaniongezea chai, akasema mwalimu wa taaluma asipoonyesha mfano nani ataonyesha. Nikanaswa.

Kwangu ametumwa msichana wanayemwita Karani. Ana miwani mikubwa na huandika mpaka mtu akipiga chafya. Kila akiinamisha kichwa mgongo unaniwasha.

Jumatano, wiki ya tatu

Nukta tisa. Mume wangu ameniuliza nachora nini kwenye gazeti lake.

Ijumaa, wiki ya tatu

Tumeanza milinganyo. Safu mbili za mbele wananijibu kabla sijamaliza kuuliza. Raha ya kufundisha ni hiyo. Kasuku naye alinyoosha mkono mara kadhaa. Nilimruka kwa ustadi, jicho likaenda kwa jirani yake utadhani dirishani hakuna mtu. Mtu anayejua kazi hujua pia kuficha mapenzi yake.

Jumanne, wiki ya nne

Mvua ya kwanza, saa nne hasa. Bati likapiga kelele mpaka sikujisikia mwenyewe. Nikageukia ubao nikaandika mifano sita mfululizo, wao wakanakili. Tumekwenda mbali kwa siku moja.

Baada ya masomo Kasuku hakurudi nami. Ana kazi na Mwalimu Ramani, kila Jumanne na Alhamisi, mpaka saa kumi na moja. Nimetembea peke yangu na mwavuli wa watu wawili.

Alhamisi, wiki ya nne

Kasuku amebadilisha msuko. Ni uleule wa Ramani, nywele zote nyuma na kibanio cha kijani. Nikamwambia umependeza. Akasema asante Mama, akashika kitabu.

Mimi nilimsuka miaka kumi na mitatu. Jumapili nzima kati ya magoti yangu, akilia, akicheka, akinisimulia habari za sisimizi. Sijawahi kunyang'anywa kitu kimyakimya namna hii.

Nukta sita.

Ijumaa, wiki ya nne

Mvua. Ubao. Hakuna jipya.

Alhamisi, wiki ya tano

Leo nilijitafutia sababu ya kwenda stoo ya ramani, ile iliyo karibu na maabara. Nikasema moyoni naenda kuazima bikari kubwa. Kupitia dirishani niliwaona: vichwa viwili vimeinamia karatasi moja, mabega yamegusana. Ramani akasema kitu, Kasuku akacheka kile kicheko chake cha zamani cha kuishiwa pumzi. Kwangu hakijafika tangu mwaka jana.

Nikaingia. Kasuku aliponiona akavuta atlasi akaifunika ile karatasi. Akasimama, akasema "Shikamoo, Mwalimu," kama mwanafunzi yeyote. Nikaitikia kama mwalimu yeyote. Ramani akaanza kujiuma midomo na kunipangia viti. Bikari niliisahau.

Wananisema. Karatasi ile ni yangu, ile ya nukta. Wanakaa humo na kunichambua kama mchele.

Nilimweleza mume wangu, na kwa mara ya kwanza mwezi huu aliweka bisibisi chini. "Mama Kasuku," akasema, "mtoto amepata mtu wa kumsikiliza. Wewe ugomvi wako ni kwamba anasikilizwa, au kwamba si na wewe?"

Nikamwambia arudi kwenye kompresa zake.

Jumatatu, wiki ya sita

Katika chumba cha walimu habari ni baraza tu. Mwalimu wa fizikia ameonyeshwa karatasi zake na kugundua hajawahi kuuliza upande wa kushoto, kwa sababu jicho lake la kushoto ni bovu na yeye mwenyewe alikuwa hajui. Ameagiza miwani. Watu wakacheka na kumsifia Ramani. Mwalimu wa lugha akasema katika miaka yake yote hajaona wanafunzi wakiingia darasani na hamu hivi.

Mimi zangu sijazichukua. Karani alinijia mara mbili mlangoni na bahasha. Mara zote mbili nilikuwa na haraka.

Jumatano, wiki ya sita

Nukta kumi na moja. Sijala vizuri.

Ijumaa, wiki ya saba

Matokeo ya mtihani wa katikati ya muhula. Mwalimu wa fizikia aliniletea karatasi ya Kasuku mwenyewe, akaiweka mezani uso chini, akaondoka bila mzaha wowote.

Thelathini na moja.

Mtoto wa mwalimu wa hesabu. Muhula uliopita, kwa mwalimu mwingine, alikuwa na sabini na nne. Nilikaa nikiangalia ile namba, na badala ya huzuni nikapata kitu kingine, na humu siwezi kujidanganya: nilipata furaha. Ndogo, chungu, lakini furaha. Sasa nilikuwa na ushahidi. Jumanne na Alhamisi mpaka saa kumi na moja, misuko, vikao, nukta, matunda yake ndiyo haya.

Nyumbani nilimuuliza imekuwaje. Akatazama sahani. Nikamuuliza kama ni baraza. Akasema si baraza. Nikamuuliza ni nini basi. Akafungua mdomo kama anayetaka kusema, kisha akainuka kukusanya vyombo.

Jumanne, wiki ya nane

Kikao cha walimu. Nitakiandika chote, maana najua nitatamani kukisahau.

Mvua ilikuwa imepungua, tukasikilizana. Yalipofika mengineyo niliomba nafasi. Nilikuwa nimejiandaa kuliko ninavyoandaa vipindi. Nilisema naunga mkono sauti ya mwanafunzi, nani asiyeiunga mkono. Lakini kuna watoto wanaoshuka. Sikutaja jina. Nilisema upo mfano wa mwanafunzi aliyetoka sabini na nne hadi thelathini na moja katika muhula huuhuu wa baraza, na mwanafunzi huyo ni kiongozi wa baraza. Chumba kizima kilijua ni nani. Nikasema kama mwalimu wa taaluma siwezi kukaa kimya, na kama mzazi ndiyo kabisa. Sauti ilinitetemeka hapo, na sikuigiza.

Nikamalizia kwa kusema kwamba mwalimu kijana anaweza kupenda kupendwa na wanafunzi hata akasahau kilichomleta.

Wote wakamgeukia Ramani. Mkuu akamuuliza ana la kusema. Alikuwa ameshika kile kibanio cha kijani, anakifungua na kukifunga. Akanitazama. Haikuwa hasira, na hilo ndilo lililonikera. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyevaa blauzi nyuma mbele, ukiwaza kama umwambie.

"Sina la kusema, Mkuu," alisema.

Basi baraza limesimamishwa mpaka itakapotangazwa tena. Faili la karatasi zote atanikabidhi mimi. Mkataba wake ni wa muhula mmoja. Mkuu akasema utaangaliwa mwishoni pamoja na mambo yote. Aliyasema kwa upole, kama anavyosema kila kitu, lakini kila mtu alielewa.

Nilishinda. Mwalimu wa fizikia alitoka bila kuningoja, na kwa kawaida tunatoka pamoja.

Jumatano, wiki ya nane

Tangazo limebandikwa. Jioni Kasuku alikula, akaosha vyombo, akaenda chumbani.

Nukta sifuri. Si ndicho nilichokuwa nataka?

Alhamisi, wiki ya nane

Sifuri. Hata mimi hajanitaja. Kuomba chumvi amemwomba baba yake, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

Jumatatu, wiki ya tisa

Mvua tangu alfajiri. Ramani amenikabidhi faili, kwa mikono miwili na heshima zote. Nimelitia kabatini, nikafunga.

Ijumaa, wiki ya tisa

Mume wangu ameniuliza mbona siku hizi sichori kwenye gazeti.

Jumanne, wiki ya kumi

Nimelifungua.

Sikulifungua kwa wema. Nilitaka kuona karatasi za Ramani mwenyewe. Nilikuwa na hakika kwamba katika vipindi vyake dawati la Kasuku limejaa nukta mpaka limekuwa jeusi, nikampelekee Mkuu, nimwambie tazama upendeleo. Nikangoja chumba cha walimu kiwe kitupu, saa ya chakula, mvua inapiga bati, nikakaa na faili mapajani.

Karatasi za Ramani zilikuwa na nukta zilizotapakaa kote. Dawati la Kasuku lilikuwa na nne. La jirani yake nne. La nyuma kabisa, ambako sisi wengine hatujui hata anakaa nani, tano. Nilihesabu mara mbili, nikakasirika kwa kukosa cha kukasirikia.

Nilikuwa narudisha zote ndipo nikaona maandishi ya Karani, madogo kama ya risiti: Hisabati, wiki ya tatu hadi ya nane. Vipindi kumi na nane. Nikasema nitazame mara moja tu.

Safu mbili za mbele ni kama zimemwagiwa pilipili manga. Nukta juu ya nukta. Safu ya tatu zinaanza kupungua, ya nne chache, nyuma kweupe. Nilijitetea kwamba ndio wanaonyoosha mikono. Lakini Karani ameweka vistari pia, na vistari viko kila mahali.

Dawati la dirishani halikuwa na nukta hata moja. Vipindi kumi na nane. Chini yake Karani, ambaye haachi kitu, alikuwa amejumlisha vistari wiki kwa wiki. Wiki ya tatu, kumi na vinne. Wiki ya nne, tisa. Wiki ya tano, viwili. Wiki ya sita, hakuna. Wiki ya saba, hakuna. Wiki ya nane, hakuna.

Mtoto amenyoosha mkono mara ishirini na tano. Mara ishirini na tano nimemruka kwa ustadi, na nikarudi nyumbani kujisifu humu ndani.

"Kuna watu hawaulizwi." Hapana, alisema hayo wiki ya pili, baada ya kipindi kimoja au viwili tu vyangu. Siku ile labda alikuwa anasema juu ya wengine. Mimi ndiye niliyefanya maneno yale yawe yake.

Kengele imelia na faili bado lilikuwa mapajani.

Alhamisi, wiki ya kumi

Nimekwenda stoo ya ramani. Safari hii sikutafuta kisingizio. Ramani alikuwa anabandika kitambaa nyuma ya ramani iliyochanika. Nikamwuliza Jumanne na Alhamisi walikuwa wanafanya nini na mwanangu.

Aliweka brashi ya gundi chini. Kisha akaniambia. Kasuku alimjia wiki ya nne, siku ya mvua kubwa, na daftari la hesabu. Alikuwa amenakili mifano sita na haelewi hata mmoja. Ramani alimwambia amwulize mama yake, mama yake si ndiye mwalimu. Kasuku akamjibu kwamba shuleni mama yake si mama yake, na nyumbani mama yake si mwalimu wake, kwa hiyo hajui amwulize nani. Tena mama asijue, akamsihi, maana ataona aibu kuwa na mtoto mjinga.

Nilikaa juu ya kreti. Nikamwuliza kwa nini hakusema kwenye kikao, wakati nilikuwa namchoma moto mbele ya watu.

"Nilimwahidi," Ramani alisema. Halafu akatabasamu kidogo, bila kunitazama. "Na kusema kweli, Mwalimu, nilikuwa namfundisha vibaya. Mimi ni mtu wa milima na mito. Ile thelathini na moja nusu ni yangu."

Ingekuwa hadithi ningeandika kwamba wivu ulinitoka pale pale. Haukutoka. Hata nilipokuwa nasema nisamehe, na nilisema, nilikuwa nawaza: mkono ulioshikwa na mwanangu kwa kusihi ulikuwa wako, haukuwa wangu.

Ijumaa, wiki ya kumi

Bati linavuja juu ya meza yangu. Nimesogeza meza.

Jumatatu, wiki ya kumi na moja

Kabla ya kikao nilibandika karatasi yangu ya nukta kwenye ubao wa matangazo wa chumba cha walimu, na juu yake nikaandika jina langu kwa kalamu nene. Watu walikuja wakasoma na vikombe mikononi. Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa fizikia alisogea karibu na miwani yake mipya, akaangalia dawati la dirishani, akaangalia tena, akanishika bega.

Nikasimama nikasema yale ya wiki ya nane yalikuwa yangu na yalikuwa ya uongo. Mwanafunzi niliyemtolea mfano hakuangushwa na baraza. Aliangushwa na mwalimu wake wa hesabu, na baraza ndilo lililokuwa limeandika ushahidi. Nikaomba lirudishwe, na mkataba wa mwalimu wa jiografia usiguswe kwa maneno yangu, na mtu wa kwanza kuhesabiwa niwe mimi.

Mkuu alikoroga chai mpaka ikapoa. Akasema basi lirudi, na mkataba atauandikia barua nzuri wiki hii. Kisha akaniambia tu, Mwalimu, kaa.

Nilimtafuta Karani uwanjani nikamwomba arudi kukaa nyuma ya darasa langu. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Huyo msichana atakuja kuwa hakimu.

"Na tukikuonyesha, hutakuwa na haraka?" aliuliza.

Nikamwambia sitakuwa na haraka.

Jumanne, wiki ya kumi na moja

Kasuku amesikia yote. Shule haina pazia. Jioni aliniomba chumvi.

Alhamisi, wiki ya kumi na mbili

Kipindi cha mwisho cha marudio. Karani nyuma. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka darasa likawa giza saa nne asubuhi.

Niliandika mlinganyo ubaoni. Safu ya mbele wakaanza kuruka vitini, na nikawaambia leo wapumzike. Nikatazama dirishani. Nilitazama kweli, nikamwona na kibanio chake cha kijani, kidole kimejaa wino. Nikamtaja kwa jina lake la shule, jina ambalo kinywani mwangu lilikuwa jipya. Darasa lote liligeuka.

Akasimama, na mvua ikamwagika. Bati likaanza. Niliona midomo yake inasogea, sikusikia hata neno. Siku zote mvua ikifika hapo mimi hugeukia ubao. Niliiweka chaki chini, nikapita kati ya madawati, safu ya kwanza, ya pili, nikasimama karibu naye hadi nikasikia pumzi yake. Nikamwomba aseme tena.

"Sijaelewa, Mwalimu," alisema. "Tangu wiki ya nne sijaelewa."

Hakuinamisha kichwa. Nikasema asante. Nikageuka, nikapaza sauti juu ya bati: nani mwingine? Kisha nyuma ukapanda mkono mmoja, na mwingine, na mingine dirishani na ukutani, hata mmoja wa safu ya mbele kabisa. Nilihesabu ishirini na tatu. Nusu ya darasa nimeiacha njiani, na wao wamekuwa wakinakili kwa adabu.

Tukaanza upya, kutoka wiki ya nne. Kengele ilipolia hakuna aliyeisikia.

Karani alinipa karatasi mlangoni. Sikuwa na haraka.

Ijumaa, wiki ya kumi na mbili

Shule imefungwa. Ramani amepata barua yake. Muhula ujao yupo. Nilimpongeza na nilimaanisha, karibu yote.

Jioni, vyombo vilipoondolewa, Kasuku alirudi mezani na daftari la hesabu. Baba yake akachukua kompresa yake akahamia kibarazani bila kuambiwa. Tukakaa upande mmoja. Nikaanza kumweleza jinsi ya kutatua mlinganyo, nikiandika haraka, na nilikuwa kwenye mstari wa tatu aliponigusa mkono.

"Mama, ngoja. Mwalimu Ramani haanzii hapo. Anaanzia huku, halafu mtu anaona."

Roho iliniuma, palepale pake pa siku zote. Ningeweza kutia nukta.

"Nionyeshe," nikamwambia, nikampa ile penseli.